Wokmeni Zilizopoteza Nyenje

Mwaka 1996 nyenje walianza kutoweka katika wokmeni za Songea, zile mashine ndogo za kaseti za kusikiliza kwa hedifoni. Aliyetangaza habari hiyo ni Beda Ngonyani, akiwa kwenye benchi la duka la Sefu Chande pale Majengo, na kwa kuwa alikuwa Beda, watu waliamini.

Nyenje wenyewe walikuwa kwenye kaseti. Miaka kadhaa kabla ya hapo, Beda alibeba redio kaseti hadi kwa wakwe zake Matogoro, akaiweka dirishani jioni moja mvua ikikatika, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Aliyapata matone ya mwisho juu ya bati, nyenje wa msituni, na mkewe Hilda akitikisa kayamba taratibu kama anayepepeta mchele. Kisha akavunja meno mawili ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Hakuifanya kaseti ile iwe kumbukumbu ya kitu chochote. Ilikuwa ya kupimia.

"Besi hata debe linayo," alikuwa akiwaambia wanunuzi. "Mashine unaijua kwa vitu vyembamba."

Mtu aliyetaka kununua wokmeni Majengo alimpitia kwanza Beda. Beda alivaa hedifoni, akaweka kaseti yake, akafumba macho. Akisikia nyenje mmoja mmoja, na chembe za kayamba zikidondoka kila moja peke yake, alisema, "Chukua." Nyenje wakiwa kama mafuta yanayochemka kikaangoni, alisema, "Subiri mzigo mwingine." Wasipokuwepo kabisa, aliirudisha mashine kaunta bila neno. Vijana walimwita Mzee Nyenje, ingawa alikuwa hajafika hata miaka hamsini.

Maoni yake yalikuwa mengi na hayakuombewa ruhusa. Wokmeni inayogeuza kaseti yenyewe aliiona ni uvivu uliotiwa gia, na kila gia ya ziada ni mahali pengine pa kuharibikia. Kitufe cha kuongeza besi alikiita poda. Kurudisha kaseti nyuma kwa kuizungusha na kalamu, ili kuokoa betri, alikubali. Kuanika betri juani alikupinga hadharani, lakini Hilda anasema betri za nyumbani kwao zilianikwa juu ya paa la jiko kama za watu wote.

Gemu aliziweka chini kabisa. Zile ndogo za mkononi, za kupanga matofali, aliziita kikokotoo kilichoacha shule. Zile kubwa za kuchomeka kwenye televisheni hakuzipa hata heshima ya tusi refu. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta za dizeli na ulikuja kwa zamu, ukakatika bila zamu. "Mashine inayongoja umeme wa Songea si mashine," alisema. "Ni pambo la kabati."

Sikio hilo alilipatia kanisani. Alikulia upande wa Peramiho, mtoto wa mkulima, akaimba sauti ya tatu katika kwaya tangu alipobalehe. Wokmeni yake ya kwanza alipewa na bruda mmoja wa Kijerumani wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Ulipokuja msako wa walanguzi mwaka 1983, alipokuwa mtunza bohari wa chama cha ushirika, aliifukia ndani ya kihenge cha mahindi, akiogopa kuulizwa ameipata wapi. Panya walikula sponji za hedifoni. Yeye anasema ile ndiyo sauti safi kuliko zote alizowahi kusikia, na hakuna wa kumbishia, kwa sababu hakuna mwingine aliyeisikiliza.

Kisha biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikaja kutoka Dubai na Hong Kong kupitia Kariakoo, na Sefu Chande, Myao wa Tunduru, akaja Songea na fedha za korosho za baba yake akafungua duka la redio. Ushirika nao ukapungua, ukawapunguza na watu wake. Mwaka 1994 Beda alirudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi. Asubuhi alikuwa shambani Matogoro; kuanzia saa tano alikuwa kwenye benchi la Sefu. Hakuajiriwa pale. Alipewa chai na aliruhusiwa kupima kila kilichotoka kwenye boksi.

Hakuna anayekumbuka nani alianza kumwita mwenzake mtani. Mngoni na Myao wakikaa benchi moja, utani huja wenyewe.

"Mngoni, umekuja kupima mali au kumaliza sukari yangu?" Sefu alikuwa akimpokea.

"Nimekuja kuhesabu Wayao waaminifu. Nimetafuta tangu asubuhi sijapata wa kuanzia. Nipe chai."

"Mpeni, mpeni. Babu zake walizoea kunyang'anya, huyu angalau anaomba."

Wateja walikuja kununua betri wakabaki kusikiliza. Ilikuwa ni sehemu ya duka, kama mizani ilivyo sehemu ya duka la nyama.

Mapema mwaka 1996 Beda alianza kukohoa na kukonda. Ilikuwa kifua kikuu. Kwa miezi miwili ya mwanzo alipaswa kuchomwa sindano kila asubuhi, pamoja na vidonge. Sefu alimpelekea mayai na maziwa nyumbani. "Kula, mtani," alimwambia mbele ya Hilda. "Ukifa, nani atanifukuzia wateja?" Beda alipopata nguvu, aliacha shamba kwa muda, akawa anatoka kuchomwa sindano na kwenda moja kwa moja kwenye benchi.

Nesi aliyewachoma wagonjwa wa kifua aliitwa Notburga. Alikuwa na maswali yake ya kila wiki na hakuyaruka, kwa sababu dawa ile ya sindano inaweza kudhuru masikio, na mgonjwa akiwahi kusema hubadilishiwa dawa. Notburga anayakumbuka majibu ya Beda kwa sababu yalimchekesha.

"Masikio je, Baba? Yanalia? Unasikia vizuri?"

"Nasikia vizuri sana, Sista. Wokmeni ndizo zimeharibika siku hizi. Hazina sauti nyembamba kabisa."

"Si wokmeni tu. Mimi nimenunua pasi, imeungua wiki hiyohiyo."

Wakalalamikia bidhaa kidogo, akamchoma, akamwita anayefuata.

Hapo hapakuwa na mtu mjinga. Songea ya mwaka ule ilijaa vitu feki: betri zilizovuja kabla ya kutumika, redio zenye jina la kampuni kubwa lililokosewa herufi moja, kandambili zilizokatika njiani kutoka dukani. Mtu aliyesema kwamba bidhaa zimeshuka alikuwa anasema kile ambacho kila mtu alikuwa nacho mkononi. Beda alisema nyenje wametoweka. Kwa nini wasitoweke? Kila kitu kilikuwa kinatoweka.

Kwa hiyo alianza kuzikataa wokmeni za Sefu, moja baada ya nyingine. Alizikataa za plastiki, kisha za bati, kisha aina ambazo mwaka mmoja kabla alikuwa amezisifu. Sefu alibadilisha mwenye mzigo Kariakoo, akaenda mwenyewe kuchagua. Beda alivaa hedifoni, akafumba macho, akatikisa kichwa.

Siku ambayo wote wanaikumbuka, alikuwepo Mathias Kinunda, mwalimu wa kwaya kutoka Peramiho. Alikuja kuagiza redio kaseti kubwa kwa ajili ya kwaya, na wokmeni kwa matumizi yake. Beda alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?" Sefu aliuliza.

"Nyenje. Na kayamba limekufa. Hii umeokota wapi, mtani?"

Sefu alimvua hedifoni akavaa mwenyewe. "Hawa hapa! Wanapiga kelele kama shemeji zako wa Matogoro! Mtani, umekuwa kiziwi."

Benchi zima likacheka.

"Mimi kiziwi, wewe mwizi," Beda alijibu.

"Kiziwi!"

"Mwizi!"

"Kiziwi wa Peramiho, ulizibwa masikio na kengele za mapadri!"

"Mwizi wa Tunduru! Korosho umeiba, wokmeni umeiba, hata mke sijui umempataje!"

Waligongana viganja, Sefu akifuta machozi ya kicheko. Mkewe Zena, aliyekuwa kaunta, naye alicheka. Mathias alicheka pamoja nao, akasema atarudi. Hakurudi. Kule Peramiho alisimulia kwamba Beda Ngonyani amepima mali ya Sefu, ameikataa, amemwita mwizi usoni, na Sefu hakukana. Kila neno alilosimulia lilikuwa kweli.

"Mimi naujua utani," Mathias anasema leo. "Lakini kupima hakukuwa utani. Alivua hedifoni akatikisa kichwa. Hapohapo akasema mwizi. Mimi nilivichukua vyote pamoja."

Kwaya ilinunua redio kwingine. Shule moja ikafuata, kisha vigango vya jirani. Kufika Krismasi, watu walikuwa wanakuja kwa Sefu kusikiliza utani na kununua betri kwa jirani yake. Zena alimtaka mumewe amwondoe Beda kwenye benchi. Sefu hakuweza. "Mtani wako utamfukuza kwa neno gani?" aliuliza. "Kila nitakalomwambia atacheka."

Mwanzoni mwa mwaka 1997 Sefu aliuza wokmeni zilizobaki kwa bei ya hasara, akabakiza moja ya kwake. Akanunua televisheni mbili na gemu mbili, akaweka viti, akawa anatoza watu kwa zamu umeme ukiwepo. Beda aliliona jambo hilo kama anguko la mtu mwenye akili. Hata hivyo alikuja, maana benchi lilikuwa palepale, na watu walimtaka atoe maoni juu ya gemu pia.

Alitoa maoni wiki nzima bila kushika pedi ya kuchezea. Kisha alasiri moja Sefu akamchokoza. "Unaogopa kushindwa na watoto, Mngoni? Wewe si jeshi la zamani?"

Beda alikaa. Mchezo ulikuwa wa mtu anayevuka daraja huku mawe yakianguka kutoka juu. Mawe hayakuonekana mpaka yafike kichwani, lakini kabla ya kila jiwe ilisikika filimbi nyembamba, na mchezaji alipaswa kuruka nyuma. Kila aliyecheza alijifunza hilo kwa muda mfupi. Beda alipigwa na jiwe la kwanza. Akapigwa na la pili. Alipigwa na kila jiwe, akarudia tangu mwanzo, akapigwa tena, na kila alipopigwa watu walipiga makofi.

Hilda alikuwa amepita kumchukua waende nyumbani. Alisimama nyuma yake akitazama. Hajawahi kushika gemu maishani.

"Baba Dorine, si unasikia filimbi?" alisema. "Ikilia ndiyo uruke."

"Filimbi gani?"

Watu walicheka kwa nguvu zaidi. Walidhani Mzee Nyenje ameanza vituko. Mchezo ukaanza upya. Hilda alisema, "Hiyo," na jiwe likaanguka. Akasema, "Hiyo tena." Beda alikuwa ameacha kutazama daraja. Alikuwa anatazama mdomo wa mkewe.

Sefu ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alizima televisheni, watu wakalalamika, akawaambia watoke nje. Alikwenda nyuma akaleta wokmeni yake, akamwomba Beda kaseti. Hakumpa Beda hedifoni. Alimpa Hilda.

Hilda alisikiliza bila kufumba macho. Kwenye kaseti ile palikuwa na nyumba ya baba yake, aliyekuwa amekwisha kufa, na mkono wake mwenyewe ukitikisa kayamba.

"Wapo," alisema. "Nyenje wapo, Baba Dorine. Wote wapo."

Beda alivaa. Alisikia matone ya mwisho juu ya bati, yale mazito. Baada ya hapo alisikia mkanda ukizunguka.

"Mimi nilikwambia, mtani," Sefu alisema.

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania, ndiyo. Lakini nilikwambia."

Hospitalini daktari alimpima kwa uma wa chuma unaolia, akampima tena, akamwandikia maelezo. Sindano zilikuwa zimekwisha zamani na kifua kilikuwa kimepona vizuri. Masikio hayangerudi, yangeweza kuendelea kupungua kidogo, na yaliendelea. Kwanza zinakwenda sauti nyembamba, daktari alieleza, kwa hiyo mgonjwa huchelewa kujua, maana mazungumzo ya kawaida bado anayasikia. Wengi hawana kitu cha kuwaonyesha mapema. Beda alikuwa nacho, mfukoni mwa shati. Notburga alikuwepo chumbani. Alisema aliuliza kila wiki, na Beda akasema ni kweli, aliuliza.

Jambo la pili lilikuwa Sefu. Beda alielewa kwamba zile wokmeni zote zilikuwa nzima, na kwamba neno alilolitupa kwa kucheka lilikuwa limefika Peramiho likiwa limevaa suti. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya duka, watu wakiwa wengi.

"Sikilizeni," alisema. "Sefu si mwizi. Mali yake ilikuwa nzuri. Mimi ndiye kiziwi."

Makofi yakapigwa. Mtu mmoja akasema, "Leo Mzee Nyenje kaja na mpya!" Mwingine akamwuliza Sefu amelipa kiasi gani kwa tangazo hilo. Beda akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa tayari alikuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyocheka. Aliwaambia hatanii. Hilo nalo watani husema.

Alikaa nyumbani siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amevaa koti la kanisani, na Hilda pembeni yake. Sefu alimwona akija, akafungua mdomo kumpokea kama kawaida, kisha akaona koti.

"Ndugu Sefu Chande," Beda alisema.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita hivyo. Waliokuwa kwenye viti vya gemu waligeuka.

"Ndugu Sefu Chande, nimekuja na mke wangu. Nilisema wewe ni mwizi. Si kweli. Nilisema mali yako ni mbovu. Si kweli. Nimeumwa masikio na sikujua. Naomba radhi mbele ya watu hawa."

Hakuna aliyecheka. Sefu alitazama chini. Zena anasema mumewe alichelewa kujibu kwa sababu alikuwa anatafuta namna ya kujibu bila kumwita mtani. Ilimlazimu ajifunze palepale.

"Nimekusikia, Ndugu Ngonyani," alisema. "Nimepokea. Yamekwisha."

Safari hii waliamini. Habari zilifika Peramiho, na Mathias mwenyewe alikuja kusalimia, akanunua betri, akasimama sana mlangoni. Lakini wokmeni zilikuwa zimekwisha kuuzwa, gemu zilileta fedha siku za umeme tu, na kule Tunduru baba yake Sefu alikuwa mgonjwa na mikorosho haikuwa na msimamizi. Sefu aliamua kufunga duka mwisho wa mwaka.

Miezi iliyobaki Beda aliendelea kuja kwenye benchi. Wote wawili waliogopa jambo moja: neno moja la utani likitoka, watu watasema hata ule msamaha ulikuwa mchezo. Basi walikaa wakisalimiana vizuri. "Habari za nyumbani, Ndugu Ngonyani?" "Nzuri, Ndugu Chande. Mama Chande hajambo?" Chai ililetwa, ikashukuriwa. "Walikaa kama watu wanaomngoja hakimu," Zena anasema. "Nilikuwa nikitamani wagombane."

Katika miezi hiyo Beda alibadilisha maoni yake juu ya gemu. Alisema gemu ina faida kwamba inakuonyesha umekufa. Wokmeni haikuonyeshi kitu.

Siku ya kuondoka, vyombo vilipakiwa kwenye lori asubuhi. Sefu na Beda walishikana mikono, kila mmoja akimtakia mwenzake afya. Zena alipanda, Sefu akapanda karibu na dirisha. Dereva akawasha, injini ikanguruma, lori likaanza kutembea.

Ndipo Sefu akatoa kichwa nje hadi mabegani. Alimwelekezea Beda kidole, akapaza sauti akasema kitu. Beda aliuona mdomo ukifunguka na kufumbwa. Barazani watu waliangua kicheko. Fundi cherehani wa jirani aliinama akashika tumbo. Beda alimgeukia wa kwanza aliyekuwa karibu akamwuliza, "Kasema nini?" Huyo alikuwa bado anacheka, hakuweza kusema.

Baadaye walimweleza, kila mtu na maneno yake. Mmoja alisema ilihusu wakwe wa Matogoro. Mwingine alisema ilihusu mapadri. Fundi cherehani alisema haisemeki mbele ya Mama Dorine. Sefu, ambaye sasa anauza vitenge Tunduru, naye alipoulizwa kwa ajili ya habari hii hakutaka kuirudia. "Ile ilikuwa ya kwake," alisema. "Si ya gazeti."

Beda anapoulizwa hujibu polepole, akikutazama mdomoni ahakikishe umemaliza.

"Walicheka. Hilo nililiona," anasema. "Kwa hiyo alinitania. Na mtani akikutupia neno unamjibu palepale, huliweki. Lori lilikuwa limekwisha kukata kona kabla sijajua kwamba ni zamu yangu."